Sauti Mbili za Kipaza

Kazi yake ilikuwa kuita watu. Alisimama mlangoni pa chumba cha daktari, kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, akaita majina mpaka waliosinzia mabenchi ya nyuma wakashtuka na kujifuta udenda. Hospitali iliwahi kununua kipaza sauti. Kikakoroma kwa muda, kisha kikafa, na mganga mkuu hakuona sababu ya kukitengeneza. "Cha nini," alisema, "na huyu tunaye?" Jina la utani likazaliwa hapo: Kipaza.

Mwili wake haukufanana na sauti hiyo. Alikuwa mfupi, mkavu, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Wageni walipoitwa kwa mara ya kwanza walichungulia nyuma yake kumtafuta mwenye sauti.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alikuwa ameweka sheria tangu siku za mwanzo za ndoa. "Hapa hakuna foleni, Baba Watoto. Sauti hiyo ivue mlangoni pamoja na viatu." Akaivua. Ndani ya vyumba vyao viwili alizungumza chini chini, kiasi kwamba majirani waliopita dirishani walidhani mama yule anajisemesha peke yake. Mkewe alimwita redio iliyokwisha betri. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda mbali, na jioni walibaki wawili: mke akishona, mume akimsimulia vituko vya ukumbini. Cherehani ilipoanza kukimbia, alinyamaza katikati ya sentensi, akangoja mshono ufike mwisho, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Walikuwa wamezoea hivyo hata hawakujua kama ni mazoea.

Ugonjwa wa mapafu ulipoingia mjini, ukumbi wa wagonjwa wa nje ulifungwa, na Kipaza akabaki bila watu wa kuita.

Wodi ya watoto ilihamishwa ili wagonjwa wapya wapate pa kulala. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupaka rangi upya, kwa hiyo watu wazima wenye mvi walilazwa chini ya bata wa njano waliochorwa ukutani, wakiongozana kuelekea mlangoni. Madirisha yale ya vioo vya kupangwa hayakuwahi kufunga vizuri, yakazibwa kwa nailoni na utepe wa gundi. Ndugu walizuiwa nje ya uzio wa waya. Walikuja wakiwa na beseni, chupa za chai, nguo za kubadilisha, na wakavikabidhi langoni kwa watu waliovaa kama wapuliza dawa shambani. Kisha wakasimama.

Wagonjwa wa mwanzo, wengi walikuwa wanaume, na wengi walikuwa wamevuka umri wa kubeba mizigo. Kila aliyelazwa, ukimuuliza vizuri, alikuwa na sukari au presha, wengine vyote viwili. Lakini si wote. Dereva mmoja wa lori, kijana wa kifua kipana ambaye hakuwahi hata kumeza kidonge cha kichwa, naye aliingia. Karibu wote walikuja kwa miguu yao. Wauguzi hawakutishwa sana na wale waliobebwa. Mgonjwa hoi walimjua. Waliotisha ni waliokuja wanazungumza. Mwalimu wa hesabu alifika na mto wake kwapani, akamkosoa muuguzi kwa kuandika tarehe vibaya, akapiga simu nyumbani kuagiza miwani ya kusomea. Midomo yake ilikuwa ya samawati wakati anaagiza. Miwani ilipofika langoni, hakukuwa na wa kuivaa.

Mitungi ya oksijeni iliviringishwa kwenye sakafu ya saruji tangu asubuhi, na mlio wake ulisikika mpaka uzioni. Ndugu walijifunza kuusoma. Mtungi mzito, mlio mzito: umejaa. Mlio wa debe maana yake unarudishwa. Ikapita siku moja nzima ya milio ya debe tupu, na siku hiyo hata wasiojuana walishikana mikono.

Siku za mwanzo ndugu walikuwa wakipiga kelele, wakitikisa waya, wakimshika kila aliyevaa sare wamuulize habari. Mganga mkuu akakumbuka kwamba ana mtu mwenye sauti.

Utaratibu ukawa hivi. Alasiri, Kipaza alikwenda nyuma ya wodi, kwenye dirisha la pembeni. Upande wa ndani alikuja Sista, muuguzi mkuu wa wodi, mama wa makamo ambaye miwani yake ilikuwa na ukungu muda wote kwa sababu ya barakoa. Alimpa habari za mgonjwa mmoja mmoja kupitia nailoni. Karatasi haikuruhusiwa kutoka wodini, kwa hiyo Kipaza aliweka yote kichwani. Wagonjwa wawili walikuwa na jina moja, na hilo lilikwisha kuleta kizaazaa, ndiyo maana wakaanza kuitwa kwa kazi zao: Fundi Pancha, Muuza Samaki, Dereva, Karani. Kipaza akazunguka jengo huku midomo inacheza kama mtoto anayekariri, akapanda kwenye kizingiti cha saruji kando ya uzio, akatoa habari kwa sauti.

"Jamaa wa Karani! Amekunywa uji! Anaomba soksi!"

"Jamaa wa Dereva! Yuko kwenye oksijeni!"

"Jamaa wa Muuza Samaki! Anaendelea!"

"Anaendelea kwenda wapi?" aliuliza bibi mmoja mwenye mkongojo, dada wa Muuza Samaki. Watu walicheka, na yeye hakucheka. Tangu siku hiyo, kila Kipaza alipotamka "anaendelea", kulikuwa na mtu wa kujibu "kwenda wapi?", na kicheko kilipungua kila kilipojirudia.

Vifo havikutangazwa. Aliyefiwa aliambiwa tu: "Jamaa wa fulani, waende lango dogo." Hapo lango dogo walikutana na mama wa ustawi wa jamii, kiti cha plastiki na ndoo ya maji ya kunawa. Haikuchukua muda watu wakaelewa. Siku moja Kipaza aliwaita jamaa wa Karani waende lango dogo kuchukua saa ya mkononi ya mgonjwa wao, ambaye wakati huo alikuwa amekaa kitandani anabishana kuhusu mpira. Mkewe alianguka palepale uzioni, akapasuka paji la uso, akashonwa nyuzi. Karani aliposimuliwa alicheka mpaka wakamrudishia oksijeni. Baada ya hapo hakuna mzigo uliopitia lango dogo.

Kosa lililomwumiza Kipaza lilikuja kimya zaidi.

Fundi Pancha alikuwa mtu wa kigugumizi aliyeziba matairi ya baiskeli kwenye kona karibu na kituo cha mafuta. Binti yake, msusi, alikuwa akifika uzioni kila siku, akisimama mbele kabisa, vidole vimeshika waya. Alasiri ile Sista alipofika kwa Fundi Pancha, alisema neno moja. Kilichotoka kinywani mwake ni "amepumzika". Kilichofika sikioni mwa Kipaza ni "anapumzika".

Lugha hii ina haya mbele ya kifo. Kuku hufa, gari hufa, saa hufa. Mtu hututoka, huaga dunia, hulala, hupumzika. Kati ya mgonjwa aliyepata usingizi mzuri na mgonjwa aliyefunikwa shuka usoni pana silabi moja tu, na alasiri ile silabi hiyo ilitakiwa kupenya barakoa mbili na nailoni.

Kipaza alifurahi. Usiku uliotangulia Fundi alikuwa amehangaika, na sasa anapumzika. Alipanda kizingitini akaipaza kama zawadi. "Jamaa wa Fundi Pancha! Anapumzika!" Msusi akaachia waya, akafunika uso kwa viganja, akacheka. Akakimbia nyumbani.

Kwa sheria ya wakati ule, aliyefariki alizikwa siku ileile na watumishi waliovaa mavazi ya kinga. Ndugu wachache waliruhusiwa kusimama mbali wakaangalia, endapo wapo. Lango dogo walimngojea mtu wa Fundi Pancha. Hakutokea mtu. Gari likaondoka.

Kesho yake Msusi alikuja na shati lililopigwa pasi, shati la baba la kutokea hospitali. Wakamwelekeza lango dogo. Aliporudi uzioni, shati bado lilikuwa mkononi, na pasi haijavunjika.

"Mzee Kipaza. Jana ulisemaje?"

"Nilisema nilichosikia, binti yangu."

"Sikukuuliza ulichosikia. Ulisemaje?"

"Nilisema anapumzika."

"Na sisi tukaenda kufua mashuka. Baba mdogo alikuwa njiani anakuja, tukampigia simu, tukamwambia geuza, mgonjwa hajambo. Baba yangu amezikwa na watu ambao hawajui hata kama alikuwa na kigugumizi." Alizungumza bila kupaza sauti, na watu wa pembeni walisogea kando ili wasimsikilize. "Neno amekufa lina miiba, mzee? Lingekutoboa ulimi?"

Kipaza aligeuka, akazunguka jengo.

Alikwenda moja kwa moja dirishani, akagonga nailoni.

"Sista, kuanzia leo, mtu akifa sema amekufa."

"Kuku ndiye anayekufa, Kipaza. Mama yangu angenipiga kofi la mdomo."

"Mama yako hasimami pale uzioni."

"Unanifokea?"

"Sifoki. Hii ndiyo sauti yangu ya kazi." Akajaribu kuipunguza. "Neno lako limemzika mtu bila mwanawe."

Sista alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni la kinga, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wasaidizi wake. Alisema kwamba neno lile alilizoea, kwamba kila alipolitamka aliona kama anamfunika mtu shuka. Wakavutana. Mwisho wakakubaliana juu ya "amefariki". Halina pacha, alisema Kipaza. Hata ukilitamka na kitambaa mdomoni litabaki lenyewe. Na lile la kupumzika likapigwa marufuku dirishani, kwa aliye hai na kwa asiye hai.

Jioni hiyo alimsimulia mkewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali naye, kama alivyokaa tangu ugonjwa uanze, akiwa ameoga uani na kubadili nguo. Kila alipokaribia pale penye kuuma, cherehani ilianza kukimbia. Alingoja. Mshono ulikuwa mrefu. Akaanza tena, cherehani ikakimbia tena. Akadhani mkewe hataki kusikia habari za msiba, akaziacha.

Mambo yakaenda hivyo jioni kadhaa. Mishono ilizidi kurefuka. Kisha siku moja alisimama kwenda kuchukua maji, akapita nyuma ya kiti cha mkewe, na akaona kwamba sindano haina uzi. Chini yake hapakuwa na kitambaa. Mkewe alikuwa anakanyaga cherehani tupu, kichwa ameinamisha, kanga ameibana mdomoni, na mabega yanaruka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ni vumbi la vitambaa."

"Tangu lini, Mama Watoto?"

Cherehani ikasimama, na ndipo akakisikia kikohozi kama kilivyo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, na husema kwa namna ya kulaumu. Mke wa Kipaza hakuwa na la kujitetea zaidi ya hili: alijua mumewe angejiuliza nani kauleta nyumbani. Na mumewe alijiuliza. Yeye mwenyewe alikuwa amekohoa kidogo siku za nyuma, kikohozi cha kutulizwa kwa chai ya tangawizi, akakisahau. Alinawa, alioga, alikaa kwenye kigoda. Kikulacho ki nguoni mwako. Pengine ni yeye. Pengine ni mama yeyote aliyeleta sare ipunguzwe kiuno. Hakuna aliyeweza kumwambia ndiyo, wala aliyeweza kumwambia hapana.

Mkewe aliingia hospitali kwa miguu yake. Pale mapokezi alikuwapo Daktari, mwanamke kijana aliyewauliza wagonjwa wote maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa sababu alitaka kujua ugonjwa huu mpya unachagua watu gani na unawafanya nini. Alikuwa amechoka mpaka akawa anauliza macho yamefumba.

"Sukari?"

"Hana," alijibu Kipaza.

"Presha?"

"Anayo. Tangu nimwoe."

Mkewe alitabasamu chini ya barakoa, ilionekana machoni.

"Anatumia dawa?"

"Anatumia."

"Niliacha," alisema mkewe.

Kipaza akamgeukia. "Uliacha lini?"

"Zamani. Zilinipa kizunguzungu, nikawa sioni tundu la sindano."

Alikuwa akimwona akimeza kidonge kila asubuhi na chai. Au alidhani anamwona. Mtu aliyejua majina ya nusu ya mji, aliyejua nani ana pumu na nani anatoroka sindano, alisimama pale akitazama mikono ya mkewe kana kwamba ni ya mgonjwa mgeni. Daktari aliandika.

"Pale mwishoni unaandika nini?" Kipaza aliuliza, kwa sababu aliona nafasi imeachwa wazi.

"Matokeo."

"Kama ya mtihani?"

"Kama ya mtihani. Ama ameruhusiwa, ama amefariki."

"Hakuna kurudia darasa?"

Daktari alifumbua macho na kucheka, kicheko kifupi, kisha akaona haya.

Kabla ya kuingia, mkewe alimnyooshea kidole. "Usije ukaniita kwa ile sauti ya ukumbini. Wenzangu watajua wewe ni mume wangu." Akapita mlangoni, akafuata bata.

Kipaza hakuomba likizo. Angekwenda wapi? Nyumbani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alasiri alikwenda dirishani kama kawaida, akapokea habari za watu, na Sista akamwekea habari yake mwisho. Uzioni naye aliitoa mwisho. Watu walikwisha kujua.

"Na Mama je?" waliuliza.

"Anaendelea!"

"Kwenda wapi?" walijibu wote kwa pamoja, pole pole, kama wanaoitikia dua. Hapakuwa na anayecheka tena. Bibi mwenye mkongojo hakuwapo. Alikuwa amekwisha kuitwa lango dogo.

Msusi alikuwapo. Ugonjwa haukuwa umetosheka na baba, ulimlaza na mama, na yule binti alirudi kwenye nafasi yake ya mbele, vidole kwenye waya. Hakuwa amesema neno na Kipaza tangu siku ya shati. Alipopewa habari za mama yake aliitikia kwa kichwa tu kuonyesha kwamba amesikia.

Kisha ikaja alasiri ambapo Sista alisema, "Wa kwako amebadilika." Hilo lilikuwa neno lao la kati, la mtu ambaye mtungi wake umefunguliwa mpaka mwisho na hewa haitoshi. Kipaza alikwenda kwa mganga mkuu, akavua kofia.

"Naomba niingie. Niko tayari kuvaa chochote."

"Nikikuruhusu wewe, Kipaza, ule uzio nitakuwa nimeufungulia wote."

"Mimi si wa uzioni. Mimi ni mtumishi."

"Kwa wodi ile, wewe ni wa uzioni," alisema mganga mkuu, si kwa ubaya. Hakuweza kumtazama.

Alirudi dirishani. Kitanda cha mkewe kilikuwa ukuta wa mbali, chini ya bata wa mwisho, na kupitia nailoni aliona umbo tu, kama kitu kilichowekwa ndani ya maziwa. Alivunja agizo la mkewe. Alijaza kifua sauti yote aliyowahi kulipwa kwa ajili yake.

"MAMA WATOTO!"

Wodi nzima iligeuka. Ndugu upande wa pili wa jengo walinyamaza. Ndani, mkono mmoja uliinuka ukaanguka. Sista aliinama pale kitandani kwa muda, kisha akaja dirishani.

"Amesema nikwambie hapa hakuna foleni."

Kipaza alicheka huku amekumbatia fremu ya dirisha. "Kuna kingine?"

"Hicho tu. Pumzi ni ya kuhesabu."

Alipofika uzioni na kusema "amebadilika", hapakuwa na aliyeitikia. Msusi ndiye aliyesogea. "Pole, mzee," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya shati.

Alasiri iliyofuata Sista alichelewa. Kipaza aliona kivuli chake kikija, kikasimama, kikarudi nyuma, kisha kikaja tena. Alianza na wengine. Karani anaruhusiwa, mkewe amletee viatu. Dereva, lango dogo. Alikuwa amefariki alfajiri, na Sista alilitamka neno lile kwa herufi zake zote kama walivyokubaliana. Mama wa Msusi hana homa, amekunywa chai, ameuliza nani anamwagilia mchicha wake. Sista akaendelea hadi mgonjwa wa mwisho, halafu akabaki amesimama.

"Na wa kwangu?" Kipaza aliuliza.

"Kipaza."

"Tuna neno letu, Sista. Tulikubaliana."

"Ninalijua." Miwani ilikuwa nyeupe kabisa, macho hayaonekani. Aliweka kiganja kwenye nailoni. Alijaribu mara moja, midomo ikasukuma barakoa, na neno halikutoka. Lilipotoka lilikuwa lile jingine, lililopigwa marufuku. "Amepumzika."

Nyuma ya jengo mtungi ulikuwa unaviringishwa. Mlio wa debe.

"Umesema anapumzika," alisema Kipaza.

"Kipaza, ndugu yangu."

"Barakoa mbili, Sista. Na nailoni. Mtu husikia anavyosikia."

Sista hakumsahihisha. Kiganja kilibaki pale, kimetanda, vidole vyeupe mahali vilipogandamiza, na Kipaza alikitazama mpaka alipohakikisha amezielewa habari za wengine wote, moja baada ya moja, kwa mpangilio. Kisha akazunguka jengo. Midomo yake ilicheza njia nzima.

Uzioni watu walikuwa wengi. Alipanda kizingitini.

"Jamaa wa Karani! Anaruhusiwa! Mleteeni viatu!" Kulipigwa vigelegele, na mke wa Karani akashika kovu la paji lake.

"Jamaa wa Dereva! Lango dogo!" Vigelegele vikakatika. Wanaume wawili wakatoka kwenye umati, wakiwa wameshikana.

"Mama wa Msusi! Hana homa! Amekunywa chai! Anauliza nani anamwagilia mchicha!"

Msusi alifumba macho. "Mimi," alisema kupitia waya. "Mwambie mimi."

Alimaliza wote. Hakumruka mtu, hakubadilisha neno. Halafu, kama kila siku, mtu mmoja akauliza, "Na Mama je, Kipaza?"

Alivua kofia, akangoja kama mtu anayesubiri mshono ufike mwisho.

"Anapumzika," alisema.

Alilisema kwa sauti ya nyumbani. Miaka yote ya ukumbini hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo, na haikuvuka safu ya kwanza.

"Hatusikii!" walipiga kelele wa nyuma. "Paza sauti, Kipaza! Amesemaje?"

Msusi alikuwa mbele. Alikuwa ameisikia. Alimtazama yule mzee mfupi juu ya kizingiti, shingo yake, kofia aliyoikamata kwa mikono miwili, na hakuhitaji kumuuliza alisikia silabi gani dirishani. Yeye ndiye aliyemwuliza siku ile kama neno amekufa lina miiba. Watu walikuwa wanamvuta bega. "Amesemaje, dada? Wewe uko karibu, amesemaje?"

"Amesema anapumzika," alisema Msusi. Alilipeleka kama alivyopewa.

Habari ikaenda nyuma, mdomo kwa mdomo. "Anapumzika." "Afadhali." "Mungu mkubwa, na jana alikuwa amebadilika." Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, kwa maana walimpenda yule mzee, na kwa maana siku hiyo walikuwa na njaa ya habari njema hata kama si zao.

Kipaza alishuka kizingitini. Akavaa kofia. Makofi yalikuwa bado yanaendelea alipoanza kutembea kando ya waya, pole pole, na waliokuwa karibu naye waliona kwamba haelekei wodini wala kwenye lango kubwa. Mikono yao ikasimama. Kisha ya walio nyuma yao. Makofi yakafa safu kwa safu jinsi alivyopita, mpaka ukasikika mchanga chini ya viatu vyake, akielekea lango dogo, ambako hapakuwa na mtu wa kumwita.